Fahali Ana Ruhusa ya Kukimbia, Kijana Je?

Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Darasani methali hii hufundishwa kama fumbo la wakubwa wanaozozana na wanyonge wanaolipa. Kwa mkazi wa Shinyalu au Ikolomani katika Kaunti ya Kakamega, hata hivyo, methali hii haina fumbo lolote. Kule fahali hupigana kwelikweli, nyasi hukanyagwa kwelikweli, na mara nyingine walioko chini ya kwato si nyasi bali ni watu.

Aghalabu mchezo huu wa Waisukha na Waidakho hufanyika asubuhi na mapema, umande ungali majanini. Fahali huongozwa kutoka nyumbani kwao wakisindikizwa na isukuti, ngoma ambayo shirika la UNESCO liliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, hupigwa kwa pamoja, baragumu hulia, njuga hujibu. Wanaume kwa vijana hukimbia mbele, kando na nyuma ya mnyama, matawi na fimbo mikononi, wakiimba sifa zake na kumtaja kwa jina kana kwamba ni mgombea wa kiti. Wafikapo uwanjani, iwe ni Malinya, Khayega au kiwanja cha kijiji kisichojulikana mbali, umati hujipanga duara. Mara nyingi hakuna ua. Ua ni watu wenyewe.

Fahali hao wawili hukabilishwa. Wao hutazamana, hufukua udongo kwa kwato, kisha hufungana pembe na kusukumana. Hapa hakuna mtu mwenye upanga anayepigana na mnyama kama ilivyo katika viwanja vya Uhispania. Fahali hupambana na fahali mwenziwe, na sheria yao ni moja tu: atakayegeuka na kukimbia ndiye aliyeshindwa. Akishageuka, pambano limekwisha. Mshindi huimbiwa, naye aliyeshindwa hukimbia zake akiwa hai. Halazimishwi kurudi ili auawe mbele ya watu. Ana ruhusa ya kukimbia.

Nataka msomaji alishike jambo hilo, kwa maana ndilo litakalotuongoza katika makala haya.

Asubuhi moja, katika kiwanja kimojawapo cha Ikolomani, nilimwona mvulana aliyevaa sweta ya shule. Kwa kimo chake alikuwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza au cha pili. Fahali waliposukumana kuelekea upande wake, alirudi nyuma hatua tatu au nne. Lilikuwa tendo la busara kabisa. Wenziwe wawili wakamcheka, mmoja akamwimbia kejeli, na watu wazima waliokuwa karibu wakatabasamu. Jozi ya pili ilipoingia, mvulana yule hakurudi nyuma. Alisogea mbele. Fahali mmoja aligeuka ghafla na kutimka, akapita karibu naye kiasi cha kuweza kuguswa kwa mkono, na umati ukashangilia. Mvulana hakupata hata mkwaruzo. Alitoka pale na uso wa mtu aliyefaulu mtihani.

Ni huko kutoumia kwake ndiko kulikonitia hofu. Kwa yakini mtihani aliofaulu ulikuwa umesahihishwa vibaya. Mara ya kwanza alipima hatari sawasawa na akapewa kicheko. Mara ya pili aliikosea hatari na akapewa shangwe. Mwalimu yeyote anajua kwamba mtoto hujifunza kutokana na alama anazopewa.

Swali la kujiuliza ni hili: ni nini kilichomsogeza mbele? Si ujinga. Miguu yake ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba anaijua hatari. Wala si ukosefu wa woga, kwani woga alikuwa nao dakika chache kabla. Jibu limo katika hisia, na hasa katika namna hisia zinavyobadilishwa jina tukiwa mbele ya wenzetu.

Mwanadamu akutanapo na hatari, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hupiga mbiu. Tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni ya adrenalini, moyo hudunda kwa kasi, pumzi huwa fupi, viganja huloa jasho na misuli hukaza. Mwili unajiandaa ama kupambana ama kukimbia. Lakini dalili hizo hizo humjia mtu mwenye furaha kuu, mwenye hasira au mwenye mapenzi. Moyo udundao hauna maandishi juu yake ya kusema unadunda kwa sababu gani.

Mwaka 1962 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Stanley Schachter na Jerome Singer, walitangaza matokeo ya jaribio lililopata umaarufu mkubwa. Waliwadunga wanafunzi wa chuo kikuu adrenalini, baadhi yao bila kuwaeleza itawafanya nini, kisha wakawaweka pamoja na mtu aliyejifanya kuwa na furaha au hasira. Walioachwa gizani walielekea kuambukizwa hali ya mwenzao. Wataalamu wa baadaye wameyakosoa matokeo hayo na kusema kwamba hisia ni pana kuliko hivyo. Hata hivyo, funzo lake la msingi halijapoteza maana: mwili hutupa msisimko, nao watu waliotuzunguka hutusaidia kuupa jina. Moyo udundao usiku njiani ukiwa peke yako huitwa woga. Moyo uo huo ukidunda katikati ya isukuti na matawi ya majani huitwa ushujaa. Hatari haijapungua hata kidogo. Kilichobadilika ni jina.

Na jina lina nguvu. Mwaka 2001 watafiti Jennifer Lerner na Dacher Keltner walionyesha kwamba watu wenye woga huiona hatari kuwa kubwa, ilhali wenye hasira huiona kuwa ndogo, sawa na wenye furaha. Tazama jinsi jambo hili lilivyo zito. Kijana aliyechekwa hupandwa na hasira. Kijana anayeshangiliwa hujawa na furaha. Kwa hiyo kicheko na shangwe, ingawa vyaonekana kinyume, vyote viwili humsukuma upande mmoja: upande wa kudharau pembe.

Umri nao una neno lake. Katika utafiti wa Margo Gardner na Laurence Steinberg uliochapishwa mwaka 2005, watu wa rika tatu walicheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine wakiwa peke yao na wengine wakitazamwa na wenzao. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha takriban mara mbili zaidi walipokuwa na wenzao. Watu wazima hawakubadilika kiasi cha kutajika. Maana yake ni kwamba mvulana yule wa sweta hakuwa mtundu kupita wengine. Alikuwa na umri wake, na alikuwa na watazamaji.

Umati, basi, ndio mwizi wa kwanza wa woga. Mfano wake mkubwa uliwahi kutokea jirani tu, mjini Bungoma, mwezi Mei 2016. Helikopta iliyouleta mwili wa mfanyabiashara Jacob Juma ilipopaa mbele ya umati mkubwa, mtu mmoja aliing'ang'ania kwa chini, akapaa nayo juu ya mapaa ya nyumba na nyaya za umeme. Alianguka helikopta iliposhuka karibu na ardhi, akanusurika akiwa na majeraha. Picha zake zilizunguka dunia nzima, naye akabandikwa jina la James Bond. Sina haja ya kumcheka wala kumlaani mtu huyo. Nauliza tu: je, angeishika helikopta ile kama uwanja ungekuwa mtupu?

Mwizi wa pili ni mazoea. Mwishoni mwa Januari 2024, nyumbani kwa Seneta Boni Khalwale huko Malinya, mtunzaji wa fahali wa miaka mingi aliripotiwa kuuawa na mmoja wa wanyama aliowatunza. Seneta, ambaye ni mpenzi mashuhuri wa mchezo huu, alieleza kwamba fahali huyo alichomwa mkuki kwa mujibu wa mila. Aliyekufa hakuwa mgeni wala mlevi wa shangwe. Mtu wa kazi hiyo huzijua nyayo za fahali wake kama mwalimu azijuavyo hati za wanafunzi wake. Lakini mwili hauwezi kuishi katika tahadhari siku zote. Kila siku ipitayo salama, woga hupungua kidogo, hadi siku moja mtu huingia zizini kama aingiaye jikoni kwake. Mazoea yana taabu, walisema wazee, na si bure.

Mwizi wa tatu ni uchu wa kufika. Huyu hana haja ya umati wala ya miaka mingi. Yamtosha kilele kionekane karibu. Mwezi Mei 2024 Mkenya Cheruiyot Kirui alipanda Mlima Everest, wenye kimo cha mita 8,849, akikusudia kufika juu bila oksijeni ya chupa. Habari zilizotoka huko zilisema kwamba mwongozaji wake, Nawang Sherpa, alieleza kwa redio kuwa Kirui hakuwa katika hali ya kawaida, na kwamba amekataa kushuka na kukataa oksijeni. Mwili wa Kirui ulipatikana karibu sana na kilele. Nawang naye hakurudi. Taifa lililia, na lilikuwa na haki ya kulia, kwani alikuwa mpandaji mlima aliyejiandaa wala hakuwa mzembe.

Msiba huo una fundisho ambalo wapanda milima wamelijua kwa miaka mingi. Hewa ya juu kule ni haba mno, na ubongo uliokosa oksijeni haupimi tena mambo ipasavyo. Ndiyo maana wapandaji wenye busara huamua saa ya kurudi wakiwa bado chini kambini, akili ikiwa timamu. Saa hiyo ikigonga, mtu hurudi hata kama kilele kiko umbali wa kurusha jiwe. Hawangojei kufika juu ndipo waulizane, kwa sababu wanajua kwamba yule atakayeulizwa huko juu hatakuwa mtu yule yule.

Nami nasema kwamba katikati ya isukuti pia hewa ni haba. Si hewa ya kuvuta puani, bali ile nafasi ndogo ambamo akili husimama ikapima. Atakayengoja mpaka ngoma ilie ndipo aamue atasimama wapi, amekwisha kuamuliwa.

Jambo hili halikomei viwanjani. Simama kando ya barabara ya Kisumu kwenda Webuye jioni yoyote, hasa siku ya mazishi makubwa au ya mkutano wa kisiasa. Utawaona vijana wa bodaboda wakisimama juu ya viti vya pikipiki zinazokimbia, mikono hewani, abiria wawili au watatu nyuma, helmeti ikining'inia kwenye usukani kama pambo. Hakuna fahali hapo, lakini mambo ni yale yale: honi badala ya ngoma, matawi yale yale, rika lile lile, na shangwe ile ile. Tena mwendeshaji ameizoea barabara kuliko kitanda chake. Wezi wote hukutana juu ya kiti kimoja.

Wapo watakaosema: kama ni hivyo, mchezo upigwe marufuku. Sikubaliani nao. Mchezo huu umebeba mengi. Ni sherehe, ni maombolezo ya mzee aliyewahi kufuga fahali, ni fahari ya ukoo, ni siku ya biashara kwa mama auzaye chai na mandazi kando ya uwanja. Wanaoteta kwa niaba ya wanyama wana hoja inayostahili kusikilizwa, nayo inahitaji makala yake. Ama kwa upande wa binadamu, marufuku hayataondoa kiu ya vijana ya kujipima. Yataihamisha tu kutoka uwanjani wenye wazee hadi barabarani pasipo na mzee yeyote.

Wapo pia watakaosema kinyume: mnataka kutulelea kizazi cha waoga. Hawa nao wamekosea, na kosa lao ni kubwa zaidi kwa sababu linafanana na hekima. Wanadhani shujaa ni mtu asiyeogopa. Mwaka 2013 watafiti Eric Brymer na Robert Schweitzer walichapisha mazungumzo yao na watu wanaoshiriki michezo ya hatari kubwa kabisa duniani, ile ambayo kosa moja huweza kuwa la mwisho. Watu hao hawakusema kwamba hawana woga. Walisema kwamba woga wanao, na kwamba wanausikiliza kama mtu asikilizavyo mshauri. Anayejirusha kutoka jabalini hutazama upepo, na usipokuwa mzuri hushuka kwa miguu akarudi nyumbani. Kwa maneno mengine, mabingwa wa hatari ni mabingwa wa kuahirisha.

Hata wazee wetu walilijua hilo. Ndio waliosema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Methali hii mara nyingi hunukuliwa kwa kebehi, kana kwamba inamsuta mwoga. Isome tena polepole. Nyumbani kwa mwoga watu wanacheka kwa sababu yeye yupo, amekaa nao, anakula. Nyumbani kwa shujaa wanalia kwa sababu kiti chake ki tupu. Methali haikutuamuru tuwe waoga. Ilitudai tujue bei kabla ya kununua.

Je, mwalimu afanye nini? Kwanza, na aache kuutumia woga kama tusi. Mara ngapi tumesikia uwanjani na hata darasani, “Wewe ni mwanamume gani unaogopa?” Sentensi hiyo moja hufuta masomo ya mwaka mzima. Mwanafunzi anayesema “naogopa” ametoa taarifa, na taarifa huulizwa maswali: unaogopa nini, kiko wapi, kina ukubwa gani, tufanyeje? Huenda ikabainika kwamba woga wake hauna msingi, naye atavuka. Huenda pia ikabainika kwamba yeye peke yake ndiye aliyeona.

Pili, mwalimu wa fasihi na abadilishe swali la insha. Badala ya kutaka kila mwaka kisa cha siku nilipoonyesha ushujaa, siku moja na aombe kisa cha siku niliporudi nyuma. Atashangaa atakayoyasoma. Wanafunzi watagundua kwamba kurudi nyuma mbele ya wanaokucheka ni tendo linalohitaji kifua kipana kuliko kusonga mbele ukishangiliwa.

Tatu, shule na ziwape vijana hatari iliyopangwa. Uskauti upo. Mpango wa Tuzo ya Rais, ulioanzishwa nchini mwaka 1966, una safari za ujasiri ambamo vijana hupanga njia wenyewe, hubeba mizigo yao na kulala nje. Msitu wa Kakamega uko mlangoni petu, na vilima havijahama. Katika safari kama hizo kijana hupata kile anachokitafuta, yaani moyo kudunda na jina lake kutajwa, lakini pia hufundishwa kuweka saa ya kurudi kabla ya kuondoka, na kuitii.

Kwa wazee wa mchezo wa fahali na kwa serikali ya kaunti, ombi ni jepesi zaidi. Jengeni ua imara hata katika viwanja vidogo. Wekeni mstari ambao mtoto wa shule haruhusiwi kuuvuka. Acheni njia iliyo wazi kwa fahali anayekimbia, kwa maana huyo hachagui njia na hamjui mwenyeji. Na yule msimulizi anayewasifu fahali kwa kipaza sauti, siku moja na amsifu kijana aliyerudi nyuma kwa wakati. Sauti yake ina nguvu kuliko mahubiri yetu sote.

Nawe mwanafunzi unayesoma makala haya, hakuna anayekuomba ubaki nyumbani. Nenda uwanjani ukafurahie ngoma ya babu zako. Lakini kabla hujatoka, chagua mahali utakaposimama na hatua utakayorudi nyuma pindi mambo yakigeuka. Mwambie mwenzako, na umwombe naye achague. Mkicheka, mcheke pamoja mkiwa wazima.

Mvulana wa sweta simjui jina, na sijui alikoelekea asubuhi ile. Yamkini amekua na kusahau. Yamkini pia alirudi wiki iliyofuata akasogea hatua moja zaidi, maana shangwe ya jana haimtoshi mtu leo. Ningependa kumwambia kwamba hatua zile tatu za kwanza, alizorudi nyuma akachekwa, ndizo zilizokuwa za kiume. Fahali mwenye pembe na misuli yote ile ana haki ya kusema “yatosha” na kuondoka uwanjani akiwa hai. Haiwi vyema haki hiyo tumpe mnyama, kisha tumnyime mtoto wetu.